Presha kuka ya umeme kwa mpangaji wa chumba kimoja: inalipa?

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonisukuma kununua. Huku kwetu Tandika, Dar es Salaam, kopo la mkaa ni shilingi 1,500. Kilo ya maharage makavu inataka makopo mawili, na maharage yakiwa ya msimu uliopita, la tatu linafuata. Kwa hiyo mkaa tu unakula 3,000, bado hujagusa kitunguu, nyanya wala mafuta. Kwenye presha kuka, hata yangekula nusu uniti nzima, kwa umeme wetu wa shilingi 356 kwa uniti ni shilingi 178. Na hayafikishi hiyo nusu.

Nasema kwa uhakika kwa sababu nina mita yangu ndogo ukutani, kila chumba kina yake. Nyumba ina wapangaji sita na LUKU moja, yaani mita kuu ya kununulia umeme, ndiyo maana ule umeme wa 122, wa wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, sisi tunausikia tu kwa watu. Vyumba sita, friji mbili na pasi yangu ya kazini, uniti 75 zinakwisha mapema mno.

Nilipoliwasha jiko hili mara ya kwanza nilisimama mbele ya mita kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba. Kile kitaa chekundu cha mita kikawa kinameta mbiombio wakati maji yanapata moto na presha inajaa, kama robo saa hivi. Kisha pini ya mfuniko ikapanda, jiko likakata lenyewe, kitaa kikapoa; tangu hapo kikawa kinashtuka mara mojamoja. Limeandikwa wati 1000 ubavuni, na namba hiyo ndiyo iliyomtisha mwenye nyumba, lakini halili wati 1000 muda wote. Mvuke ukishafungiwa ndani, maji yanapita zile nyuzi 100 za kawaida na chakula kinaiva upesi, umeme unakuja kuongeza tu. Dada yangu yuko Mbeya, kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharage yanakaa jikoni mpaka mtu anakata tamaa. Yeye alilihitaji kuliko mimi.

Mama mwenye nyumba alikuja mpaka mlangoni. "Mwanangu, sitaki hilo dubwana linywe umeme wa nyumba hii." Nikamwambia, "Mama, tazama kwanza mita, halafu unifukuze." Akatazama, akakaa kwenye kigoda, akasubiri mpaka likalia. Hakusema ndiyo wala hapana. Jioni alimtuma mjukuu na bakuli la kunde kavu.

Sasa mapishi. Maharage ambayo hayajalowekwa, dakika 40, yanaiva mpaka ganda linalegea na bado hayajavurugika. Makande dakika 50. Makongoro, ambayo zamani nilikuwa nayala kwa mwenye kibanda tu kwa sababu nani ana mkaa wa kuchemsha kwato tangu alfajiri, yanachukua saa moja na robo. Jumapili nakaa na bakuli langu, ndimu, pilipili mbuzi, mchuzi unagandia midomoni, mfupa unaachia nyama kwa kuugusa tu. Kwa raha hiyo peke yake nisingelirudisha dukani.

Wali unatoka vizuri, punje mojamoja, ila hauna ukoko. Kwa sisi tuliogombania ukoko utotoni, hilo ni pengo. Kwa chakula cha nazi, chemshia tui jepesi, lile zito limwagie mwishoni ukishafungua, la sivyo linakatika. Ugali usijaribu: sufuria ya ndani inazunguka na mwiko, na ule weusi wake unachubuka. Kwa hiyo jiko la mkaa sijaligawa, lipo uvunguni kwa ajili ya ugali na chapati. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Upande wa maharage mnihesabu, upande wa ugali mnipe muda.

Kasoro zake. Waya ni mfupi mno, na usidanganyike kuongezea ekstensheni ya bei rahisi, inapata moto. Chomeka moja kwa moja ukutani. Mpira wa mfuniko unashika harufu: ukipika makongoro leo, wali wa kesho unanukia ng'ombe, mpaka uuvue uusugue na ndimu na kuuanika. Nilipouliza dukani kama wanauza mpira peke yake, walinitazama kama sijui ninachosema. Umeme ukikatika katikati, langu linasahau lilipofikia na unaanza kupangia dakika upya. Maharage yasipite nusu ya sufuria, povu lake linaziba tundu la mvuke. Na pini isiposhuka, usilazimishe mfuniko, hata kama wageni wamekaa mkekani.

Nililipa 115,000 Kariakoo, muuzaji alianzia 150,000. Pesa ilitoka kwenye mchezo, zamu yangu ilipofika kwa kijumbe. Wenzangu walinunua vitenge, mmoja alilipa ada, mimi nikaonekana nimerogwa na sufuria. Lakini mimi ni fundi cherehani, kila gauni nalipeleka kwa jirani kupigwa ovaloki kwa 500, na kinachobaki kwenye mkaa sasa kinaingia kwenye kopo la maziwa lililozibwa juu. Mashine yangu ya ovaloki, hata ya mtumba, bado iko mbali. Kopo limeanza kuwa zito, nalitikisa kila nikifagia.

Kama mnachangia LUKU kwa kichwa na hakuna mita ndogo, usilinunue kwanza. Kila uniti itakayopotea utasingiziwa wewe. Kama chakula chako ni ugali na dagaa siku saba, halitakusaidia kitu. Anayependa maharage, makande, njegere na supu, na ana soketi nzima ukutani, aende Kariakoo siku ya kazi asubuhi, kabla jua halijapanda na wauzaji hawajachoka kupunguza bei. Adai risiti, na amwombe muuzaji alichemshie maji palepale mpaka pini ipande.