Huduma za kujiondoa za watengenezaji magari Marekani: milango minne, funguo tofauti

Magari mengi mapya yanayouzwa Marekani hutoka kiwandani yakiwa na laini yao ya simu iliyofungwa ndani. Kupitia laini hiyo, mtengenezaji hupokea mahali gari lilipo, mwendo wake, breki za ghafla na saa za kila safari. Huduma tunayoipima hapa ni ile anayopewa dereva anayekataa taarifa hizo ziuzwe: swichi za kwenye skrini ya gari, programu ya simu na fomu ya tovuti. Huduma ipo na inafanya kazi, ila imetawanywa kiasi kwamba wengi hufunga mlango mmoja wakadhani nyumba nzima imefungwa.

Mwaka 2023 shirika la Mozilla lilisoma sera za faragha za chapa 25 za magari. Hakuna hata moja iliyofaulu. Asilimia 76 zilikuwa zimejiachia ruhusa ya kuuza taarifa binafsi, na asilimia 92 zilimpa dereva uwezo mdogo sana, au hazikumpa kabisa, wa kuamua juu ya taarifa zake.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Swichi ya kwenye gari inasimamisha ukusanyaji, fomu ya tovuti inazuia kuuza kilichokwisha kukusanywa. Ukifunga bomba, maji yaliyomo kwenye pipa hayajaenda popote.

Swichi hizo hukaa kwenye mipangilio, sehemu ya faragha au ya kushiriki data. Kwenye Tesla ziko chini ya menyu ya programu ya gari. Kasoro yake ni kwamba ruhusa nyingi zimefungwa pamoja. Kwenye Toyota, ukikataa ridhaa kuu ya data unapoteza pia huduma ya kupigiwa msaada moja kwa moja gari linapogongwa. Anayesafiri usiku peke yake anastahili kulijua hilo kabla hajabonyeza, na kwa maoni yetu si haki kumfanya achague kati ya usalama wake na siri zake. Kuna wanaochomoa fyuzi ya kifaa cha mawasiliano. Hatushauri: katika baadhi ya modeli maikrofoni ya simu na spika ya mbele hutegemea kifaa hichohicho, navyo hunyamaza pamoja nacho. Na kufuta programu kwenye simu hakubadilishi kitu, kwa sababu gari linatuma kwa laini yake lenyewe.

Kwenye fomu ndiko kuna mitego mingi. Sheria ya California inampa mkazi wake haki ya kuamuru taarifa zake zisiuzwe wala zisigawiwe watangazaji, na kampuni ina siku 15 za kazi kutekeleza. Ombi hilo halihitaji uthibitisho wa utambulisho. Kuomba nakala au kufuta ndiko kunakohitaji, na muda wake ni siku 45. Machi 2025 Honda ilitozwa dola 632,500 na wakala wa faragha wa California, pamoja na mengine kwa kudai taarifa nyingi kupita kiasi kwa mtu aliyetaka tu kujiondoa. Kwenye kidirisha chake cha vidakuzi, yaani faili ndogo ambazo tovuti hutumia kumfuatilia mgeni, kukubali kulikuwa hatua moja na kukataa hatua mbili. Pia ilikuwa ikizipa kampuni za matangazo taarifa za watu bila mikataba inayotakiwa ya kuzilinda. Kwa hiyo fomu ya kujiondoa ikikudai picha ya kitambulisho, usiitume. Jibu kwa maandishi kwamba ombi la kutouza halithibitishwi, na hifadhi picha ya skrini yenye tarehe.

Mpangilio wa maombi nao una maana. Omba nakala kwanza, kisha kataa kuuzwa, kufuta kuwe mwisho. Anayeanza na kufuta anateketeza ushahidi wa nani alishapewa nini. Andika namba ya chasisi na barua pepe uliyosajilia gari. Ukitumia barua pepe nyingine, utajibiwa kwamba hujulikani. Mwenye magari mawili ataje namba zote mbili.

Upande wa matangazo ya tovuti, alama bora tunaipa Global Privacy Control, ishara inayowashwa ndani ya kivinjari na kuiambia kila tovuti isiuze. California inazilazimu kampuni kuiheshimu. Udhaifu wake ni kwamba inajua kivinjari tu. Fungua tovuti ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, ili ishara iweze kuunganishwa na jina lako, na uiwashe upya kwenye kila simu na kompyuta.

Mlango wa nne uko kwa madalali wa data, yaani kampuni zinazokusanya na kuuza taarifa za watu, na ndio uliowaumiza watu. Machi 2024 ilifichuka kuwa dereva wa Chevrolet Bolt alikuwa na ripoti ya kurasa 258 kwa LexisNexis, dalali anayeziuzia kampuni za bima ripoti za madereva, yenye safari 640 za miezi sita: saa ya kuondoka, saa ya kufika, umbali, mwendo kasi, breki za ghafla. Bima yake ilikuwa imepanda. Taarifa zilitoka kwa General Motors (GM), mtengenezaji wa Chevrolet, kupitia OnStar Smart Driver, mpango wake wa kupima uendeshaji ambao baadaye ulifungwa. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza amri ya kuizuia GM kwa miaka mitano kuzipa kampuni za ripoti za wateja, kama LexisNexis, data ya mahali na ya uendeshaji. Kwa maelezo ya tume, mahali palikuwa pakirekodiwa hata kila sekunde tatu. Ripoti yako ya LexisNexis ni bure mara moja kila miezi 12, na ukipinga kosa lililomo, kwa kawaida wana siku 30 za kulichunguza. Tungekushauri uanze hapa kabla ya fomu yoyote.

Kwa gari lililotumika, hakikisha akaunti ya mmiliki wa zamani imeondolewa. Kurudisha skrini katika hali ya kiwandani hufuta majina ya simu, lakini huenda kusikate akaunti iliyoko kwenye seva.

Wakazi wa California wana pia DROP, jukwaa la serikali linalopeleka ombi moja la kufuta kwa madalali wote waliosajiliwa. Sheria iliwapangia madalali kuanza kuyashughulikia maombi hayo tarehe 1 Agosti 2026, na kurudia kila baada ya siku 45. Haligusi taarifa ulizompa mtengenezaji wa gari moja kwa moja; hizo bado zinadaiwa kwa fomu yake mwenyewe.