Mikseri ya mkono na kakao ya Idd

Mwezi Mei 2025 nilinunua mikseri ya mkono hapa Mtwara mjini. Muuzaji alianzia 65,000, tukamalizana kwa 55,000. Mimi keki sipiki, na wanaonifahamu walinicheka. Chanzo ni watoto wa kaka yangu walioko Newala. Waliona kwenye simu ya mama yao vikombe vya kakao vya Krismasi ya Ulaya: krimu imesimama juu kama kilemba, mashimelo meupe, zile pipi laini kama sponji, yanaelea, pipi za mnanaa zimepondwa zikanyunyizwa. Wakanipigia. "Shangazi, Idd ukija tutengenezee hivi."

Kwa wenzetu hayo ni mambo ya Desemba kwa sababu Desemba ndiyo baridi yao. Mtwara Desemba ni jasho na malori ya korosho. Ukimwekea mgeni kakao ya moto atadhani unamfukuza. Lakini Idd ya kuchinja mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Juni, na Newala mwezi wa sita si mchezo. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde asubuhi mtu anatoka na kitenge kimoja kiunoni na kingine mabegani. Huko kakao ina kazi.

Sasa mashine yenyewe. Ni wati 300, ina mwendo wa aina tano, imekuja na vipigio viwili vya kupigia mayai na krimu, na vingine viwili vilivyojipinda vya kukandia unga. Plagi yake ni ya miguu miwili ya duara, kwa hiyo soketi zetu haiziingii. Adapta nilinunua mwenyewe, na muuzaji hakulitaja hilo mpaka nilipomrudia. Kosa lake kubwa ni kwamba namba moja yake ni namba tatu ya mashine nyingine. Ukiwasha tu, sukari ya unga inakurukia usoni. Nilijifunza kufunika bakuli na kitambaa kibichi na kuacha tundu la kupitishia mkono wa mashine.

Nilianza na krimu ya unga, ile wanayotumia wapamba keki. Maji ya baridi sana, unga, dakika nne, imesimama. Hapo mashine haina kasoro. Ila krimu yenyewe inaacha mafuta kwenye kaakaa, na kwenye kakao inakaa juu kama povu la sabuni lisilotaka kuyeyuka. Watoto wataipenda. Mimi hapana.

Nilichokitaka ni krimu ya nazi. Nilikuna nazi mbili zilizokomaa kwenye mbuzi, nikazikamua kwa nusu kikombe tu cha maji ya uvuguvugu, tui la kwanza peke yake, zito la kushika kijiko. Nikaliweka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi juu pameganda kama samli na chini kuna maji. Ule mgando ndio unaoutaka, maji yake pikia wali. Bakuli na vipigio vikae kwenye friza nusu saa kwanza. Halafu weka mgando, vijiko vitatu vya sukari ya unga, iliki kidogo, upige. Kwa dakika ya kwanza haionekani kitu. Ya tatu inaanza kuacha mifereji nyuma ya vipigio, na hapo ndipo pa kuzima, maana ukiendelea mafuta yanajitenga na unabaki na chengachenga.

Mara ya kwanza, nikiwa kwangu Mtwara saa sita mchana, nilipata kitu kizuri kilichodumu dakika kumi mezani kisha kikalala. Nikailaumu mashine. Nikarudia na nazi nyingine, yale yale. Nilikuwa karibu kuirudisha dukani.

Kabla ya kuirudisha nikajaribu mashimelo, na hapa nina la kukiri. Mashimelo ni shira na jelatini, ule unga wa kugandishia unaotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, basi. Wepesi wake wote ni hewa inayoingizwa kwa kupigwa. Jelatini uigeuze pakiti uisome nyuma, kwa sababu nyingine ni ya ng'ombe na nyingine ya nguruwe, na hii ilikuwa shughuli ya Idd. Niliyoipata ilikuwa ya ng'ombe, ina alama ya halali. Shira yake haifanani na ya kaimati, ni nzito zaidi: inachemka mpaka tone ukilidondosha kwenye maji baridi unaweza kuliviringisha kwa vidole likawa kidonge laini. Kisha unaimimina taratibu kwenye jelatini iliyokwisha loweka, huku mashine inapiga, na inapiga, na inapiga. Dakika kumi na mbili hivi mpaka iwe nyeupe na inavutika kama ubani.

Dakika ya nane nikasikia harufu ya waya unaoungua. Mpini ulikuwa wa moto kiasi cha kuhamisha mkono. Nilizima, nikaigeuza, na chini yake kwenye kibandiko kidogo kuna maandishi niliyoyaona tangu siku ya kwanza nikadhani ni namba ya kiwanda: KB 5 min. Maana yake mashine isifanye kazi mfululizo zaidi ya dakika tano, ipumzishwe ipoe. Kumbe ilikuwa inaniambia muda wote. Nilimalizia kwa mchapo wa waya na mikono ya mtoto wa jirani, tukapokezana, na mashimelo yalitoka, yakiwa mazito kidogo kuliko ya dukani. Nilimwaga kwenye sinia lenye sukari ya unga na unga wa mahindi laini, usiku mzima, asubuhi nikayakata kwa kisu kilichopakwa mafuta. Kwa hewa yetu ya pwani yasipofungiwa kwenye kopo yanatoa maji ndani ya siku moja.

Kwa hiyo kama lengo lako ni mashimelo, mashine ya daraja hili isikudanganye. Piga dakika nne, pumzisha, na ujue kwamba wakati inapumzika jelatini haikungoji.

Cha tatu hakikuhitaji umeme kabisa. Kashata ya korosho. Sukari kikombe kimoja kwenye sufuria kavu, moto mdogo, mpaka iyeyuke iwe rangi ya asali. Vikombe viwili vya korosho zilizokaangwa, chumvi kidogo, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Nunua zile zilizovunjika, bei yake ni nafuu na hata hivyo unakwenda kuziponda. Ikipoa, kinuni. Nilifanya na sinia moja la ufuta, na pipi za mnanaa nikazitwanga kwenye kinu hicho hicho. Hilo la mnanaa silirudii: kwa wiki nzima vitunguu saumu vyangu vilinukia dawa ya meno.

Tulipanda gari la alfajiri kupitia Nanyamba na Tandahimba, mimi, mashine, kopo la mashimelo, kashata, na nazi nne. Asubuhi ya Idd, baada ya swala, nikapiga tui lililolala kwenye friji ya kaka. Mashine ile ile, nazi za mti ule ule. Krimu ilisimama. Nusu saa baadaye bado ilikuwa imesimama mezani, na wifi yangu akachovya kidole akasema, "Wifi, hii umeweka nini?" Sikuwa nimeweka kitu. Ilikuwa ni baridi ya Newala tu, ile niliyokuwa naitafuta kwenye friza Mtwara.

Kakao niliikoroga kwanza na maji moto kidogo isifanye madonge, kisha maziwa, mdalasini. Unga wake ulikuwa wa huku huku nyumbani. Kakao ya Tanzania nyingi inatoka Kyela. Krimu ya nazi juu, mashimelo mawili, kashata iliyopondwa. Mashimelo watoto waliyatoa kwa kijiko wakala peke yake, hata kakao hawakuingoja. Bibi yetu alikataa krimu, akaomba kashata iongezwe, akanywa vikombe viwili akiwa amejifunika hadi masikioni. Kaka alisema angependelea chai.

Kwa krimu, mashine hii ninaipa nne kwa tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya plagi na ule mwendo wa kwanza. Kwa mashimelo ninaipa mbili. Udumu wake siwezi kuusemea, kwa sababu wifi aliniomba niiache siku mbili ajaribu keki, na sasa imepita miezi bado iko kwake. Nikipiga simu nasikia inavyovuma nyuma yake.