GoDaddy, EstiBot na NameBio: zana ipi inakaribia bei ya kweli ya domeni?

Ukiandika domeni yoyote, yaani jina la tovuti, kwenye kikadirio cha bei cha GoDaddy, namba ya dola inatoka papo hapo, bure. Wauzaji wengi huanzia pale na kukomea pale pale, kisha mwaka unapita bila hata mtu mmoja kuuliza bei. Kuna njia rahisi ya kukipima kikadirio chenyewe: kiandikie jina la .com ambalo halijasajiliwa na mtu. Huenda likapewa dola elfu moja na ushee, ilhali mtu yeyote anaweza kulisajili kwa dola kumi na kitu. Madalali wa domeni wana programu zinazochambua maelfu ya majina kila siku. Jina la thamani hiyo lisingebaki wazi.

Tatizo liko kwenye mafunzo ya mashine. Zana za aina hii hujifunza kutokana na majina yaliyouzwa. Yale yaliyokaa miaka mitano kisha yakaachwa yafe hayaachi bei yoyote ya kujifunzia, na ndiyo mengi. Halafu mwenye mizani ndiye mwenye duka: GoDaddy inauza domeni, inaendesha mnada, na soko la Afternic ni mali yake.

Hata hivyo usikitupe. Kina kazi mbili kinazofanya vizuri. Ya kwanza ni kupanga majina yako kutoka la juu hadi la chini, maana kikilikadiria hili dola 3,000 na lile 400, mpangilio huwa na mantiki hata kama namba zenyewe hazina. Ya pili ni orodha ya majina yanayofanana yaliyokwisha kuuzwa. Hiyo ndiyo ya kusoma; namba kubwa ya juu iruke.

EstiBot inafaa jambo moja: inakuonyesha neno linatafutwa mara ngapi na watangazaji hulipa kiasi gani kwa mbofyo. Kwa majina ya huduma, kama bima au mikopo, taarifa hiyo ni ya maana. Kwa jina la kubuni haina la kusema, kwa kuwa neno ambalo halikuwepo halitafutwi na mtu.

Zana ya kukaa nayo ni NameBio. Haikadirii kwa kubahatisha. Ni hifadhi ya mauzo yaliyofanyika, yenye jina, bei, tarehe na mahali lilipouzwa. Itumie hivi. Andika neno kuu la jina lako, chagua .com peke yake, ondoa majina yenye tarakimu na vistari, kisha bana tarehe ziwe za miaka mitano iliyopita. Angalia pia nafasi ya neno. Kama lako linaanza na neno hilo, usilinganishe na yanayoishia nalo, kwa sababu kugeuza mpangilio wa maneno mawili kunaweza kufuta thamani yote. Umoja na wingi navyo si kitu kimoja.

Ukipata mauzo kumi au kumi na tano yanayofanana kweli, kata la juu kabisa na la chini kabisa, kisha tazama yaliyobaki yaliuzwa wapi. Hapa ndipo wengi hupotea. Bei za minada kama GoDaddy Auctions, NameJet au DropCatch mara nyingi ni bei za jumla, mfanyabiashara akimnunulia mfanyabiashara mwenzake. Bei za duka la BuyDomains ni za rejareja, mnunuzi akiwa mteja anayetaka kujenga tovuti. Jina lililonunuliwa mnadani kwa dola 300 linaweza kumwendea mtumiaji kwa 3,000, lakini huenda likamsubiri huyo mtumiaji miaka mingi. Ukichanganya bei hizi mbili unapata wastani usio na maana. Kasoro ya NameBio ni kwamba mauzo ya faragha mengi hayamo.

Wala usipimie jina lako kwa Voice.com, iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Muuzaji, kampuni ya MicroStrategy, hakuwa na shida ya pesa, na mnunuzi, kampuni ya Block.one, alikuwa amekusanya takriban dola bilioni 4. Hakuna kikadirio kinachoona mfuko wa mnunuzi.

Kwa majina ya Kiswahili, zana zote tatu zinayumba. Kikadirio hukata jina vipande vya maneno, na kamusi yake imejaa Kiingereza. "Nyumbazakupanga" kwake ni herufi kumi na tano zisizo na maana. Idadi ya watafutaji nayo hupotosha, kwani Wakenya na Watanzania wengi huandika Kiingereza wanapotafuta nyumba au kazi mtandaoni. Hapo itabidi uhesabu wanunuzi kwa mkono. Tafuta kampuni zinazotumia neno hilo, hasa zile zenye .co.tz au .co.ke na kukosa .com. Zikiwa nane, zinazotangaza kwa pesa na zenye ofisi, una soko. Zikiwa mbili, na mojawapo ni ukurasa wa Instagram tu, bei ya busara haizidi sana gharama zako.

Gharama hizo zihesabu kabla ya kununua. Tuseme una domeni 100, kila moja inalipiwa dola 11 kwa mwaka: hiyo ni 1,100. Ukiuza mbili kwa mwaka na soko likakata asilimia 15, kila moja lazima iende kwa karibu dola 650 ndipo usipate hasara wala faida. Kwa kikapu hicho, jina ambalo NameBio inaonyesha linauzwa 200 halistahili kulipiwa mwaka wa pili.

Yapo mambo mawili ambayo hayaonekani vizuri kwenye namba za zana hizi. Jina lenye alama ya biashara ya mtu, kama M-Pesa, linaweza kupewa thamani kubwa kwa sababu neno linatafutwa sana, lakini kwako thamani yake ni sifuri: mwenye alama anaweza kufungua shauri la UDRP, utaratibu wa kutatua migogoro ya domeni, na kulichukua bila kukulipa. La pili ni historia. Fungua Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone jina lilitumikaje zamani. Kama liliwahi kubeba kamari au dawa bandia, angalia pia orodha ya Spamhaus ya majina yanayohusishwa na barua taka, maana barua pepe za mnunuzi zinaweza kuishia kwenye taka.

Kwa mpangilio: NameBio kwanza, EstiBot kwa majina ya huduma tu, GoDaddy kwa kupanga orodha. Cheti cha thamani cha kulipia usinunue kamwe. Akitokea "mnunuzi" kwa barua pepe, akakubali bei yako bila kubishana, kisha akadai kwanza ulete cheti kutoka tovuti anayoitaja yeye, hiyo tovuti ni yake au ya mwenzake. Ukishalipa, hajibu tena. Mwambie pesa iwekwe Escrow.com, huduma inayoshika pesa hadi mauzo yakamilike, uone kama atarudi.