TAHADHARI: Gitaa la chuma la "National 1931" linalozunguka Lubumbashi

Wapiga gitaa wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, someni hii kabla hamjatuma hata franka moja. Kuna mtu anauza magitaa ya chuma, yale yenye sahani ya matundu kifuani, anasema ni National, gitaa la zamani la kampuni ya Marekani, la mwaka 1931. Mimi nimeshampa dola 480. Gitaa liko hapa ukutani, nalo ni dogo kwa umri kuliko mtoto wangu wa kwanza.

Jina lake siandiki. Kila mwezi ana jina lingine na namba nyingine, mkikariri jina mtapita naye mlangoni bila kumtambua. Karirini hadithi yake, maana hiyo habadilishi.

Babu yake, anasema, alikuwa karani wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, enzi Lubumbashi ikiitwa Elisabethville. Bosi wake Mbelgiji alipofunga mizigo mwaka 1960 alimwachia gitaa, na tangu hapo limelala chini ya kitanda mtaa wa Kamalondo. Sasa kuna mgonjwa nyumbani, ndiyo maana linauzwa. Hapa kwetu nani hana babu aliyepita Union Minière? Hadithi inaingia kama maji kwenye mchanga. Tena hii ni Katanga, nchi ya mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimkuta na gitaa lake Jadotville (leo Likasi) mwaka 1952 akamrekodi. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba kuna gitaa la zamani limefichwa mahali, tayari ameshauza pikipiki yake kichwani.

Nilituma dola 100 za avansi kwa simu, tukakutana karibu na soko la mtaa wa Kenya, jioni, giza likianza. Gitaa lilikuwa limefungwa ndani ya kitenge. Nikapiga: sauti kubwa, kali, kama mtu anayeimba ndani ya sufuria. Nikamwomba tulegeze nyuzi tutazame ndani. Akanishika mkono: "Mukubwa, ukilegeza, sauti ya zamani inatoka, hairudiake. Na hii haiko ya Chine, iko ya Amerika, ya feza yote." Nilicheka. Halafu nikamhesabia zile 380 zilizobaki. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, nimeiandika, tuendelee.

Kesho yake alikuja baba mkubwa, ambaye maisha yake yote amefua picha za shaba kwa nyundo. Hakugusa hata uzi mmoja. Alitoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa, akaiweka ubavuni mwa gitaa. Tak! Ikanasa. "Feza gani inashika sumaku?" akaniuliza, akaomba chai.

Hapa niwaeleze nilichojifunza baadaye, kwa kuwa ndicho ambacho kingeniokoa. National String Instrument Corporation ilianza Los Angeles mwaka 1927. Wakati huo magitaa ya umeme yalikuwa hayajaingia sokoni, na mpiga gitaa alikuwa anamezwa na tarumbeta. Mwanamuziki George Beauchamp akatafuta fundi wa kumtengenezea gitaa lenye sauti kubwa, akampata John Dopyera, mzaliwa wa Slovakia. Dopyera akaweka koni tatu nyembamba za alumini, zinazokuza sauti, ndani ya mwili wa madini. Madini hayo Wazungu huyaita fedha ya Kijerumani, lakini ni shaba, nikeli na zinki. Fedha haimo hata chembe. Sisi watu wa shaba tunadanganywaje kwa hilo? Ndivyo nilivyodanganywa. Madini hayo hayashiki sumaku.

Lakini msikimbilie kusema kila chuma kinachonasa ni bandia. National yenyewe ilitengeneza magitaa ya chuma cha kawaida, hasa Duolian, la bei nafuu, wakati uchumi wa Marekani umeporomoka. Muuzaji wangu alikuwa anataja neno Duolian pia, na "fedha" ndani ya sentensi ileile. Duolian ni chuma kilichopakwa rangi yenye chembechembe kama barafu iliyoganda juu ya kioo. Halikutoka kiwandani likiwa limechovywa likang'aa kama kioo cha pikipiki, na langu linang'aa hivyo, ule mng'ao wa kibuluu wa kromu. Nikeli ya zamani huwa na umanjano kidogo, na ikizeeka inafifia kama sahani ya bibi.

Jambo lililomaliza ubishi lilikuwa tumboni. Tulilegeza nyuzi taratibu, tukafungua vizi (skrubu) vya ile sahani. Vyote vina kichwa cha msalaba. Vizi vya namna hiyo vilianza kuenea viwandani katikati ya miaka ya 1930, kwa hiyo gitaa la 1931 lingetoka na vya mfereji mmoja. Kwa peke yake si ushahidi, fundi yeyote anaweza kuwa alibadilisha. Ila chini ya sahani kulikuwa na buibui.

Nieleze huyo buibui. Dopyera aligombana na wenzake wa National akaondoka, akaanzisha kampuni nyingine na ndugu zake: Dobro. Jina limetokana na Dopyera na neno "brothers", na kwa lugha yao ya nyumbani dobro maana yake ni zuri. Hakuweza kutumia tena mtindo wa National, akageuza koni ikakaa kama bakuli, juu yake akaweka kitu cha alumini chenye miguu minane, ndicho buibui, kinachobeba daraja la nyuzi. National wao, kwenye magitaa yao ya koni moja, koni imeinuka kama kichuguu, na kileleni kuna kibao kidogo cha duara cha mbao wanachokiita biskuti. Mwaka 1931 kampuni hizo mbili zilikuwa zinashindana. Ziliungana baadaye, na kuhamia Chicago mwaka 1936. Sasa mimi kichwani nina jina la National, kifuani nina buibui wa Dobro, na mdomoni mwa muuzaji nina Duolian. Mbuzi mwenye mkia wa samaki.

Baba mkubwa akamulika ndani kwa tochi ya simu. Chini palikuwa na alama ya gundi ya mstatili, karatasi imekwanguliwa kwa kisu. Aliyekwangua alichoka kabla ya kumaliza: yalibaki maneno mawili, MADE IN, na baada yake mikwaruzo tu.

Shingo nayo. Karibu na vifunguo kuna kifuniko kidogo cheusi cha plastiki. Chini yake kuna tundu la ufunguo wa pembe sita, wa kunyoosha shingo ikipinda. National za zamani hazikuwa na kitu hicho. Halafu hesabuni freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo, hadi shingo inapokutana na mwili: langu zinafika 14. Duolian za 1931 ni 12. Za 14 zilikuja miaka michache baadaye. Hiyo hata kwenye picha ya WhatsApp unaihesabu ukiwa umelala kitandani, bila kumuuliza mtu.

Na namba. Duolian halisi huwa na herufi C na tarakimu zilizogongwa kichwani. Langu linayo pia, na ndiyo iliyonilainisha: niliitafuta mtandaoni, nikaona C na tarakimu nne, nikasema basi. Nilipoitazama mchana kweupe, vanishi imepasuka kuzunguka kila tarakimu na mbao iliyo chini ni nyeupe kama muhogo uliomenywa jana. Namba ya zamani ina uchafu wa jasho la mikono ya watu, inakuwa nyeusi pamoja na mbao. Jioni ile nikatafuta tena, safari hii namba nzima, nikakuta picha ya gitaa la mtu huko Marekani lenye namba ileile kamili. Muuzaji ameinakili kutoka kwenye picha akaigonga kwa misumari ya herufi.

Sisemi gitaa jipya ni baya. Langu lina sauti ya kutosha kanisani bila umeme, na kwa dola 150 ningelinunua nikiimba. Wala jina peke yake lisiwatishe au kuwafariji. Tangu 1989 kuna watu California, National Reso-Phonic, wanaotengeneza National mpya nzuri sana, ghali kweli kweli, na hawasemi ni za 1931. Regal nayo ilikuwa kampuni ya Chicago iliyopewa ruhusa ya kutengeneza Dobro miaka ya 1930, lakini leo jina hilo liko kwenye magitaa ya viwanda vya Asia. Kwa hiyo mtu akikuonyesha Regal akakwambia "ya zamani", bado hajasema kitu.

Ukitaka kununua kwake au kwa mwingine yeyote, mwombe video, si picha: kichwa kwa karibu pande zote mbili, vizi, na tochi ikimulika ndani kupitia matundu ya juu. Ukionana naye, onana mchana, nenda na sumaku na bisibisi, lipa baada ya kuona kama ni biskuti au buibui. Koni ni laini, msiibonyeze kidole, na nyuzi zilegezwe kwanza. Akikwambia sauti itatoka, mwache aondoke nayo.

Nilimpigia. Mara ya kwanza alisema, "Si ulipiga mwenyewe ukasikia?" Mara ya pili mama mmoja kwenye mashine akaniambia mteja hapatikani.

Juma lililopita picha imerudi kwenye kikundi cha wapiga gitaa wa kwaya, namba ya simu mpya. Kiti cha plastiki cha buluu, kitenge chenye samaki, gitaa jingine linalong'aa. Babu ni yuleyule, mgonjwa ni yuleyule. Sasa anaandika "Duolian 1929", mwaka ambao Duolian lilikuwa halijaanza kutengenezwa. Nimevuta picha ya kichwa nikaikuza: C, na tarakimu zilezile nne zilizoko hapa ukutani kwangu.