Uzoefu wangu wa ryokan mjini Kinosaki: ukilipia chumba umelipia mji

Kinosaki ni mji mdogo wa chemchemi za maji moto, kaskazini mwa mkoa wa Hyogo, Japani, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa treni ya haraka kutoka Kyoto. Wenyeji husema mji wao wote ni nyumba moja ya wageni: stesheni ndiyo mlango, barabara ndizo ujia, na kila ryokan, yaani nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, ni chumba tu. Nimekaa huko na mke wangu, na sijaona maelezo mengine yanayoeleza vizuri zaidi unacholipia.

Tulilipa kama yeni 28,000 kwa mtu kwa usiku, chakula cha jioni na cha asubuhi kikiwemo. Ni pesa nyingi, sifichi. Lakini ndani ya bei hiyo kuna pasi ya kuingia hamamu za umma za mji bila kulipa tena, na kuna yukata, yaani joho jepesi la pamba, mshipi wake na viatu vya mbao vya kutembelea mjini. Ukipima chumba peke yake, utasema umeibiwa: mikeka ya tatami, meza fupi, godoro jembamba linalotandikwa sakafuni mkiwa mnakula. Ukipima siku nzima, hesabu inakuwa nyingine kabisa.

Asubuhi tulipanda kigari cha waya kwenda mlimani. Katikati ya njia unashuka kwenye hekalu la Onsenji. Kwa mapokeo ya mji, mtawa Dochi aliomba siku 1,000 mfululizo hadi maji moto yakatoka ardhini mwaka 720, na zamani mgeni alikuwa haingii majini kabla ya kuja hapa kuomba. Juu kileleni unauona mto Maruyama ukijikunja hadi baharini. Mkishuka, chini pale kuna kisima cha maji ya chemchemi: unanunua mayai mabichi dukani, yamefungwa kwenye kifuko cha wavu, unayaning'iniza majini, na baada ya dakika kumi na kidogo unayala kwa chumvi. Tulikula tukiwa tumetumbukiza miguu kwenye maji ya vuguvugu kandokando ya wapita njia.

Mchana ndio ulionifurahisha zaidi. Tulikodi baiskeli tukafuata mto hadi Genbudo, kilomita kama 5. Njiani, kwenye eneo la maji la Toshima, tuliwaona korongo weupe wakitafuta chakula kwenye matope. Ndege hawa walikuwa wamekwisha: korongo wa mwisho wa mwituni nchini Japani alikufa mwaka 1971, hapa hapa Toyooka, jiji ambalo Kinosaki ni sehemu yake. Mwaka 2005 watu wa hapa walianza kuwaachia tena waliozalishwa kwenye mabanda, na wakulima wengi wa mpunga wakapunguza dawa ili vyura na samaki warudi mashambani. Kumwona mmoja akiruka juu ya mpunga uliovunwa, ukijua alivyorudishwa, ni jambo zito.

Genbudo yenyewe ni mapango yaliyochongwa na wachimba mawe. Kuta zake ni nguzo za basalti zenye pembe tano au sita, zimepangana kana kwamba kuna fundi aliyezipanga, kumbe ni zaha ya volkano iliyopoa miaka milioni 1.6 iliyopita. Mwaka 1926 mwanasayansi Motonori Matuyama alichukua mawe hapa akakuta usumaku wake umeelekea kinyume na wa dunia ya leo. Mwaka 1929 akachapisha hoja kwamba ncha za sumaku za dunia ziliwahi kugeuka. Mahali penye habari kubwa kiasi hicho, siku ile tulikuwa karibu peke yetu.

Tuliporudi mjini nikaangalia kingo za mto Otani, ule unaopita katikati chini ya mierebi: mawe yaleyale ya pembe sita. Mji uliteketea kwa tetemeko la ardhi na moto wa Mei 1925, na mawe yaliyoporomoka Genbudo yakaletwa kujengea kingo hizi. Hapo ndipo matembezi ya mchana na usiku wa mjini vilipoungana kichwani mwangu.

Sasa kuoga, maana najua wengi mtaniuliza. Wanaume kwao, wanawake kwao, na ndani huingii na nguo hata moja. Unakaa kwanza kwenye kigoda, unajisugua na kujimwagia hadi usafike, ndipo unaingia majini. Kitambaa kidogo cha kujifutia hakiguswi na maji ya bwawa. Hakuna anayekutazama. Hata hivyo, kwa aliyelelewa kusitiri uchi wake, hili si dogo, na sitamwambia mtu ajizoeshe. Ryokan nyingi zina bafu la faragha lenye mlango wa kufunga, la familia au mume na mke. Liulizie wakati wa kuweka nafasi. Sisi tulitumia yote mawili. Kati ya hamamu za umma niliipenda Kono-yu, iliyojitenga na yenye bwawa la wazi bustanini. Ichino-yu, yenye bwawa ndani ya pango, ilikuwa imejaa mno.

Usiku barabara zote zinalia kwa viatu vya mbao, jamaa wa mitawanda yetu ya pwani, na kila mtu amevaa yukata ya ryokan yake. Upande wa kushoto ukae juu ya wa kulia; kinyume chake ndivyo avikwavyo maiti.

Chakula cha jioni kilikuwa kaa wa Matsuba, ambaye msimu wake ni Novemba hadi Machi, mguuni ana kibandiko cha bandari alikovuliwa. Alikuwa mtamu sana. Lawama yangu iko hapa: ryokan yetu ilitupangia saa kumi na mbili jioni kamili, haibadiliki, na licha ya kuwaarifu mapema kwamba hatutumii kileo, supu mbili zilikuja zimepikwa kwa sake, kileo cha mchele. Mama aliyetuhudumia aliomba radhi akazibadilisha, ila tulisubiri sana. Waandikieni, kisha siku ya kufika rudieni kwa mdomo kabla jiko halijaanza.

Lala usiku mbili. Chumba hufunguliwa saa tisa mchana na hukabidhiwa saa nne asubuhi, kwa hiyo usiku mmoja haukupi siku kamili. Na kabla ya kuchagua tarehe, angalia ratiba ya hamamu: kila moja ina siku yake ya wiki ya kufungwa.