Masanduku ya bustani: mbao safi, wavu mpaka ugombe

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Ramadhani, niliingia kondeni na kikapu kuchimbua viazi vitamu vya futari. Majani yametanda kijani kibichi, unasema mwenyewe hapa leo sitoki bila ya kiroba. Nikashika shina la kwanza, likanijia mkononi kama unyasi. Chini hamna kitu. La pili vivyo hivyo. La tatu nikakuta kiazi kimebaki ganda, ndani kimekombwa kama dafu. Na pembeni ya tuta pana tundu, mkono wangu unaingia mpaka kiwiko.

Buku. Sisi wa Dole, huku shamba Unguja, hatuhitaji kuelezwa, lakini wa mjini labda hamjamuona: panya mkubwa kama paka, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, mashavu yana mifuko. Hali akashiba akaondoka, anabeba akaweke akiba. Jirani yangu alifukua shimo moja nyuma ya banda lake akatoa vipande vya muhogo, kokwa za maembe, na kijiko changu cha chai ambacho nilishamdhania mtoto wa watu. Kule Morogoro wenziwe wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Pua hiyo hiyo ndiyo inayomuonesha kiazi changu kilipo, gizani, chini ya udongo.

Sumu sikutaka. Nina paka wawili, na kuku wa jirani wanashinda kwangu kuliko kwao. Ndipo nikaenda kwa fundi seremala mmoja wa huku huku shamba, anayetengeneza matuta ya boksi: sanduku la mbao lisilo kifuniko, chini limepigiliwa wavu, unalijaza udongo unapanda juu. Jina lake silitaji, maana nina ya kumsifu na nina ya kumlaumu.

Niliagiza matatu. Kila moja urefu mita 2, upana mita 1, kimo sentimita 45, kwa shilingi 110,000 pamoja na kuleta. Upana huo alinishauri yeye, na kwa hili namshukuru: nafika kati kwa mkono kutoka kila upande, sikanyagi udongo na magoti yangu hayalii. Mbao ni za mnazi, na alichagua za nje ya gogo, zile nzito nyeusi nyeusi, si za katikati zinazobonyea kama mkate. Pembe zimekaa sawasawa. Alitaka kupaka oili chafu kuzuia mchwa, nikamkatalia, "Fundi, humu kinaota chakula." Akacheka, akaniambia, "Haya Bi Mkubwa, nyumba yako," akapigilia nailoni nzito ubavuni kwa ndani mbao zisigusane na udongo mbichi. Kazi safi.

Kujaza ndiyo hakuniambia mtu. Sanduku moja hapo linameza toroli 15. Niliweka makumbi ya nazi chini, udongo mwekundu, samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, na majani. Chicha la nazi usithubutu kulitia. Harufu yake ni kama kumpelekea buku kadi ya mwaliko.

Sasa wavu. Nilipanda karoti, tangawizi na viazi vitamu kidogo. Masika ikapiga. Mwezi wa tano naona tangawizi zimelala upande mmoja. Nachimba, nakuta njia imetoka chini moja kwa moja mpaka kati ya sanduku. Nikamwita fundi, tukatoa udongo wote (toroli 15 tena, na safari hii ni matope), na huko chini wavu ninauvuta kwa vidole unakatika. Kumbe alinipigilia wavu wa kuku. Ule waya wake mwembamba, samadi na maji ya mvua vimeshaula kutu, na hata ungekuwa mpya, matundu yake panya mdogo anapita bila ya kuinama. Wavu wa kuku unazuia kuku.

Fundi hakubisha sana. Alisema wateja wote anawawekea huo huo kwa sababu ni rahisi. Nikamwambia mimi sikununua mbao, mbao ningeokota, nilinunua sakafu. Tukakubaliana: nyenzo juu yangu, kazi juu yake. Nikaenda mjini, soko la Darajani, kutafuta wavu wa tundu za mraba za nusu inchi, waya uliochomelewa na kupakwa zinki. Ghali, tena sana, lakini ukiubonyeza kwa gumba haubonyei. Roli lenyewe lina upana wa futi 3, halitoshi mita 1, kwa hiyo lazima uunge vipande viwili. Hapo tena nusura anitie hasara: aliviweka ukingo kwa ukingo. Buku anataka hapo hapo. Nikasimama juu yake mpaka akavilaza kimoja juu ya kingine sentimita 15, akavishona kwa waya wa kufungia nondo, na kingo akazipandisha ubavuni kidogo kabla ya kupigilia.

Tangu mwezi wa sita, kutoka chini hakijapita kitu. Alfajiri nakuta amechimba pembeni ya sanduku, amefika kwenye wavu, amerudi zake. Karoti nimekula, tangawizi nimeuza.

Lakini buku anajua kupanda. Sentimita 45 kwake ni kizingiti cha mlango. Nyanya za kwanza zilizoiva aliziondoa kwa juu, kistaarabu, bila ya kuvunja tawi. Sanduku moja sasa nimelifanyia kifuniko cha fremu na wavu ule ule uliobaki, nakifunga magharibi nafungua asubuhi. Mengine mawili napanda vya chini tu. Na wakati wa kaskazi, joto lile la Januari, boksi linakauka upesi kuliko tuta la kawaida. Konde langu namwagilia mara moja, haya asubuhi na jioni, la sivyo mchicha unalala saa sita. Muhogo msijaribu, mizizi haina pa kwenda. Wangu uko pale pale kondeni, nagawana na buku mwenyewe.

Kwa mbao na heshima ya kurudi kurekebisha, fundi nampa nane kwa kumi. Kwa wavu aliouanza, mbili, na hizo kwa sababu alikuja siku ile ile niliyompigia. Nimeshaagiza jengine, kimo sentimita 60, la viazi vya futari. Pesa ya kianzio nimempa nusu, na wavu nauleta mwenyewe.