BA II Plus muhula wa kwanza chuo cha biashara: uzoefu wangu, Mwanza

Nimeitumia kalkuleta ya BA II Plus ya Texas Instruments muhula wote wa kwanza hapa Mwanza. Naipendekeza kwa yeyote anayeanza masomo ya biashara, kwa sharti moja: uipange kwanza, ndipo uiamini.

Ikiwa mpya, inaonyesha desimali mbili tu na inakokotoa kwa kufuata mfuatano wa vitufe ulivyobonyeza. Ukiingiza 3 + 2 × 4 inakupa 20, si 11. Wanaotoka sekondari na kalkuleta ya sayansi hunaswa hapa, maana mkono umezoea mashine inayotanguliza kuzidisha. Kubadili yote mawili, bonyeza 2ND, FORMAT, 9, ENTER. Shuka kwa mshale mara nne hadi uone Chn (kukokotoa kwa mfuatano wa vitufe), bonyeza 2ND SET iwe AOS (kutanguliza kuzidisha), kisha 2ND QUIT.

Kinachofuata ni P/Y, yaani idadi ya malipo kwa mwaka, na hapa ndipo alama nyingi zinapotelea. Chukua mkopo wa shilingi 6,000,000 wa kununua injini ya mtumbwi, miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio linalopungua. P/Y ikiwa 1, unaingiza 12 N (idadi ya vipindi), 2 I/Y (riba), 6000000 PV (thamani ya sasa, yaani mkopo), 0 FV (salio la mwisho), halafu CPT (kokotoa) PMT (rejesho la kila kipindi): rejesho ni 567,357.58 kwa mwezi, likiwa na alama ya kutoa. P/Y ikiwa imebaki 12, mashine inaigawa ile 2 kwa 12 na kukuletea kama 505,000. Jibu linafanana na la kweli, ndiyo maana mtu halishtukii. Weka 2ND P/Y, 1, ENTER, iache hapo, na kila mara uingize riba ya kipindi kimoja.

Sasa chukua mkopeshaji wa aina nyingine. Wapo wanaopiga riba kwenye mkopo wote wa mwanzo: asilimia 2 ya 6,000,000 mara miezi 12 ni 1,440,000, jumla 7,440,000, yaani 620,000 kila mwezi. Ingiza 12 N, 6000000 PV, 620000 kisha +/- na PMT, 0 FV, CPT I/Y. Riba halisi inatoka karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kalkuleta ya kawaida swali hilo ni la kubahatisha riba na kurudia hadi upatie. Hapa ni sekunde chache. Kwangu mimi hili pekee linatosha kuinunua.

Fedha inayokuingia ni chanya, inayokutoka ni hasi. Ukisahau alama hiyo unapotafuta riba, inaandika Error 5. Haijaharibika, rudia tu PMT kwa +/-.

Kodi ya chumba, Malimbe au kwingine, hulipwa mwanzoni mwa kipindi, kwa hiyo maswali ya namna hiyo yanataka BGN (malipo ya mwanzo wa kipindi): 2ND BGN, 2ND SET, 2ND QUIT. Maandishi BGN hubaki juu ya kioo kwa herufi ndogo sana. Yasipoondolewa, maswali yanayofuata yenye malipo ya mwisho wa kipindi yanakosewa. Kuzima mashine hakufuti thamani ulizohifadhi, hivyo kabla ya swali jipya bonyeza 2ND CLR TVM (hufuta N, I/Y, PV, PMT na FV), na kwa CF (mtiririko wa fedha) tumia 2ND CLR WORK. NPV (thamani halisi ya sasa) na IRR (kiwango cha ndani cha faida) zenyewe hazina shida ukishazoea mishale.

Haina sola. Inatumia betri ya CR2032, ile bapa ya mviringo, na fundi saa huwa nayo. Nunua moja ya akiba kabla ya mitihani. Muulize pia mwalimu mapema kama inaruhusiwa kwenye chumba cha mtihani, na hata ikiruhusiwa andika kanuni na hatua kwenye karatasi, maana jibu tupu likikosewa halina cha kusahihishiwa. Kama muhula wako una utunzaji wa vitabu vya hesabu na takwimu tu, kalkuleta yako ya sekondari inatosha. Hii isubiri hadi somo la fedha lianze.